Lori Linalovuja Mchanga: Somo la Vitu Vinavyobadilika Tungamo Vikiwa Mwendoni



Ndugu wasomaji, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza na wa pili wa kitivo cha sayansi wameniomba niandike somo ambalo wiki iliyopita, katika kikao chetu cha kusoma baada ya swala ya Isha, nililieleza vibaya. Chaki iliisha, umeme ukakatika, na kaka mmoja akaondoka akiwa na hakika kwamba nimempoteza zaidi ya alivyokuja. Naandika basi, na wale wa kitivo cha sheria na cha dawa mnaweza kusoma pia. Hesabu iliyomo ni kuzidisha na kugawanya, isipokuwa mahali pamoja tu.

Nina deni na somo hili. Nilipokuwa mwaka wa pili, swali moja la namna hii lilinifanya nirudie mtihani wa mekanika mwezi wa tisa. Likizo nzima nilikaa Buyenzi na daftari, na harusi ya dada yangu kule Rumonge niliisikia kwa simu. Swali lilikuwa kwa Kifaransa, nalitafsiri: Lori lenye tani 14 pamoja na mchanga wake linatembea kwenye barabara tambarare isiyo na msuguano, kwa mwendokasi wa mita 10 kwa sekunde. Chini ya bodi kuna tundu, na mchanga unadondoka kilo 20 kila sekunde. Ni kani gani inahitajika ili mwendokasi wa lori usibadilike?

Kabla ya kuendelea, funika sehemu inayofuata kwa mkono, andika jibu lako pembeni. Usione haya. Hakuna anayekusahihisha.

Jibu langu lilikuwa hivi. Newton anasema kani ni sawa na kasi ya kubadilika kwa kiasi cha mwendo. Kiasi cha mwendo ni tungamo mara mwendokasi, yaani mv. (Mtaani tunasema "uzito", lakini hapa natumia "tungamo" kwa kilo za kitu chenyewe, kwa sababu uzito ni kani ambayo dunia inakivuta kitu hicho.) Mwendokasi haubadilika, tungamo linapungua kilo 20 kwa sekunde, kwa hiyo kani ni 10 mara kutoa 20, yaani kutoa nyutoni 200. Nikaandika kwa kujiamini: dereva lazima akanyage breki kwa nyutoni 200, la sivyo lori litaongeza mwendo. Nikapiga mstari chini ya jibu kwa rula.

Jibu sahihi ni sifuri. Na mimi pia nilipewa sifuri, kati ya alama 8.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba hesabu yake haina dosari. Kila mstari unafuata ule uliotangulia. Ndiyo maana wanafunzi wazuri huliangukia mara nyingi kuliko wale wanaokisia, na ndiyo maana nitalikalia kidogo.

Shahidi wa pikipiki

Chukua kwanza jaribio ambalo lingeniokoa kwa dakika moja. Wazia kuna mtu wa pikipiki anayekwenda sambamba na lori, naye kwa mita 10 kwa sekunde. Yeye akitazama pembeni analiona lori limesimama tu, na mchanga unashuka wima kama unavyoshuka kwenye chekeche. Kwake yeye v ni sifuri. Akitumia kanuni yangu atapata sifuri mara kutoa 20, yaani sifuri. Mimi niliyesimama kando ya barabara napata kutoa 200. Lori ni moja, mchanga ni mmoja, sekunde ni ileile.

Sasa kani si kitu cha kutegemea nani anatazama. Ukifunga mizani ya springi kati ya lori na kinacholivuta, mshale wake unasimama kwenye namba moja, na wote wawili, mimi na mtu wa pikipiki, tunaisoma namba hiyohiyo. Kanuni inayotoa kani tofauti kwa watu wawili wanaokwenda kwa mwendokasi tofauti usiobadilika imekwisha kujifichua kuwa si kanuni. Jaribio hili litunzeni, maana linafaa mahali pengi kuliko malori.

Kosa liko wapi basi? Liko kwenye neno moja ambalo hatujiulizi: kiasi cha mwendo cha nani? Newton alikuwa anazungumzia mwili wenye vitu vilevile, mwanzo hadi mwisho. Mimi nilihesabu lori lenye tani 14, kisha nikahesabu lori lenye tani 13 na kilo 980, nikatoa moja kwa jingine kana kwamba ni kitu kimoja. Zile kilo 20 nilizisahau njiani. Lakini hazikupotea. Ziliondoka zikiwa na mwendokasi wao wa mita 10 kwa sekunde mbele, ule ule zilioupata zikiwa ndani ya bodi. Kiasi cha mwendo cha lori kilipungua kwa sababu sehemu yake iliondoka nacho mkononi, si kwa sababu kuna aliyelisukuma. Ni kama mtu aondoke msikitini na viatu vyake mwenyewe: idadi ya viatu mlangoni imepungua, lakini hakuna kilichoibiwa.

Tena ile kani ya nyutoni 200 ipo kweli, ila si ya lori. Mchanga ukigusa chini unateleza kidogo mbele kisha unasimama. Anayeusimamisha ni barabara. Hayo ni mambo ya barabara na mchanga, lori limeshapita.

Nilipokuwa najiandaa kwa marudio nilimwuliza mzee mmoja anayebeba mchanga wa mto Rusizi kwa lori kuukuu lenye bodi iliyotoboka. Nilimwuliza kama lori linasukumwa mbele mchanga unapovuja. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, mchanga ukidondoka unanisukuma vipi? Ninachokiona mimi ni injini kupumua." Na hivyo ndivyo ilivyo: kani ya injini ikibaki ileile na tungamo likipungua, mchapuko unaongezeka. Kanuni ya lori linalovuja ni F = ma ya kawaida kabisa, na m ni ile iliyobaki wakati huo.

Mfuko

Njia ya kutoka ni kuchora mfuko. Chagua muda mfupi, mwanzo na mwisho wake. Vitu vyote vitakavyohusika, vilivyomo ndani ya gari na vile vinavyoingia au kutoka katika muda huo, vitie kwenye mfuko mmoja wa kufikirika. Hesabu kiasi cha mwendo cha mfuko mzima mwanzoni, hesabu tena mwishoni. Tofauti yake, gawanya kwa muda, ndiyo kani ya nje. Mfuko haubadiliki tungamo, kwa hiyo Newton hana neno.

Ukifanya hivyo kwa uangalifu unapata mlinganyo mmoja ambao Mrusi Ivan Meshchersky aliuchambua katika tasnifu yake ya mwaka 1897:

m × a = F + u × (kilo zinazoongezeka kila sekunde)

F ni kani ya nje. u ni mwendokasi wa kile kinachoingia au kutoka, ukipimwa na mtu aliyekaa ndani ya gari. Maneno hayo ya mwisho ndiyo roho ya jambo lote. Si mwendokasi unaoonekana kutoka barabarani, ni ule unaoonekana kutoka kwenye kiti cha dereva. Kama kitu kinatoka badala ya kuingia, kilo kwa sekunde ni namba hasi.

Lori linalovuja: dereva anauona mchanga unadondoka bila kwenda mbele wala nyuma, u ni sifuri, kipande chote cha pili kinafutika. Imekwisha.

Sasa geuza swali. Lori linapita chini ya mdomo wa ghala, na mchanga unamiminika ndani kilo 20 kwa sekunde, wima. Dereva anauona mchanga ukimjia kutoka mbele kwa mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo u ni kutoa 10. Ili a iwe sifuri lazima F iwe nyutoni 200 mbele. Hapa kanuni yangu mbovu ingetoa jibu sahihi! Hilo ndilo linalowachanganya wengi. Vitabu vingi vinaanza na mfano wa mkanda unaopokea mchanga, mwanafunzi anatumia d(mv), anapata, anafurahi, na anaibeba kanuni hiyo hadi mahali ambapo haifanyi kazi. Ilifanya kazi kwenye mkanda kwa sababu tu mchanga ulikuwa umesimama kabla ya kuingia, kwa hiyo kilichosahauliwa nje ya hesabu kilikuwa sifuri.

Kuna jambo la mkanda ambalo mimi hulipenda, ingawa mtihani hauliulizi mara nyingi. Injini inayovuta kwa nyutoni 200 kwa mita 10 kwa sekunde inatoa wati 2000. Mchanga unaoingia unapata nishati ya mwendo: nusu ya 20 mara 10 mara 10, yaani jouli 1000 kila sekunde. Jouli nyingine 1000 ziko wapi? Zimekuwa joto. Punje ikitua kwenye sakafu ya lori inateleza nyuma kabla ya kushika mwendo, na kuteleza huko kunakula nusu kamili ya nishati. Hata ukibadilisha mchanga, ukapaka sakafu mafuta au gundi, bado ni nusu. Muda wa kuteleza utabadilika, hesabu haitabadilika.

Swali dogo la njiani: behewa lisilo na injini linateleza kwenye reli laini, mvua ya wima inanyesha ndani yake. Linapunguza mwendo, kwa sababu kila tone linahitaji kubebwa. Mvua ikikatika, mtu anafungua tundu la chini, maji yanatoka yote. Je, behewa linarudia mwendo wake wa mwanzo? Nilimsikia mwalimu msaidizi akisema ndiyo, na mimi niliyerudia mtihani nikanyoosha mkono. Halirudii. Maji yanatoka na mwendo waliopewa, u ni sifuri, na behewa linabaki na mwendo mdogo uleule.

Mawe ndani ya mtumbwi

Hadi hapa tumeona vitu vinavyoingia, na vinavyotoka bila kusukumwa. Kilichobaki ni kutupa kwa makusudi.

Uko kwenye mtumbwi katika Ziwa Tanganyika, maji yametulia, kasia limepotea. Mtumbwi, wewe na mawe mna kilo 400, na nusu ya hizo, kilo 200, ni mawe. Tusahau ukinzani wa maji kwa ajili ya hesabu. Kila jiwe lina kilo 5, nawe unaweza kulitupa nyuma kwa mita 4 kwa sekunde, kama unavyoiona wewe uliye mtumbwini. Mfuko unatuambia kwamba kila utupaji unaongeza mwendokasi kwa 4 mara 5, gawanya kwa tungamo lililokuwepo kabla ya kutupa. Jiwe la kwanza: 20 kwa 400, yaani sentimita 5 kwa sekunde. Jiwe la arobaini na la mwisho: 20 kwa 205, karibu sentimita 10. Mkono ni uleule na jiwe ni lilelile, lakini la mwisho linafanya kazi karibu maradufu, kwa kuwa halisukumi tena wenzake.

Jumla ya mawe yote 40 ni karibu mita 2.75 kwa sekunde. Kama ungekuwa na nguvu za kuyatupa yote kwa mpigo mmoja, kwa mita 4 zilezile, ungepata mita 2 tu. Na kama ungeyasaga yakawa unga na kuumwaga mfululizo, ungepata 4 mara logi asilia ya 2, yaani mita 2.77. Hapa ndipo pale mahali pamoja penye hesabu nilipowaonya. Logi inaingia kwa sababu kila hatua tunagawanya kwa tungamo linaloendelea kupungua.

Mtumbwi huo ni roketi. Kanuni yake aliichapisha mwaka 1903 Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga, Urusi, ambaye masikio yake yaliharibika tangu utotoni kwa ugonjwa. Nyongeza ya mwendokasi ni mwendokasi wa gesi mara logi asilia ya tungamo la mwanzo kugawanya kwa la mwisho.

Angalieni kwamba mtumbwi haukusukuma maji wala hewa. Ulisukuma mawe. Tarehe 13 Januari 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli Mmarekani Robert Goddard, likisema roketi haiwezi kufanya kazi penye ombwe kwa kuwa haina cha kusukuma, na kwamba Goddard amekosa elimu ya sekondari. Goddard alifariki mwaka 1945. Gazeti lilichapisha sahihisho tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka kwenda mwezini.

Roketi iliyowabeba watu wale, Saturn V, ilikuwa na karibu tani 2900 ilipoondoka. Hatua yake ya kwanza iliteketeza karibu tani 13 kila sekunde, na gesi ilitoka kwa karibu mita 2600 kwa sekunde. Zidisha: kilo 13,000 mara 2600 ni karibu nyutoni milioni 34. Uzito wake ulikuwa karibu nyutoni milioni 28.5. Kwa hiyo ilianza kunyanyuka polepole, kwa mchapuko usiofika mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Mtu wa bodaboda angeiacha. Lakini msukumo ulibaki na tungamo likayeyuka. Baada ya dakika mbili na zaidi kidogo ilibidi injini ya katikati kati ya zile tano izimwe mapema, ili mchapuko usiwakandamize watu na chombo kupita kiasi. Yule mzee wa Rusizi angesema injini ilipumua.

Logi ni mkopeshaji mbaya. Ili kufika kwenye njia ya kuizunguka dunia karibu, ukijumlisha hasara za hewa na mvutano, unahitaji kama mita 9400 kwa sekunde. Gesi ikitoka kwa 3000, uwiano wa tungamo unakuwa karibu 23. Yaani katika kila kilo 23 zinazoondoka, ni kilo moja tu inayofika, na humo kuna tangi, injini na satelaiti yenyewe. Ndiyo maana roketi hukatwa vipande na tangi tupu hutupwa njiani. Kulibeba tangi tupu ni sawa na yule mtu wa mtumbwini kuyatupa mawe na kubaki na magunia yaliyolowa maji.

Msidhani haya ni ya mbali na kwetu. Ng'ambo ya ziwa, Shaba, kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi za majaribio mwaka 1977 na 1978. Wazo lao lilikuwa kufunga pamoja mabomba mengi membamba ya bei nafuu. Na baharini karibu na Malindi, Kenya, Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout, yenye hatua nne za fueli kavu, iliondoka hapo na satelaiti ya Kimarekani ya kupima miale ya eksi kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru, satelaiti ikaitwa Uhuru. Kwa nini Malindi? Karibu na ikweta dunia yenyewe inazunguka kuelekea mashariki kwa karibu mita 465 kwa sekunde, na anayerushia hapo anazipata bure. Peleka kwenye logi, gesi ikiwa inatoka kwa mita 2500: roketi ileile inaweza kufikisha tungamo kubwa zaidi kwa karibu asilimia 20 kuliko kama ingeanza bila zawadi hiyo.

Kwa mtihani wa wiki ijayo, in shaa Allah, ombi langu ni moja. Kabla ya kuandika alama yoyote ya hesabu, andikeni kwa maneno: kinachoingia au kutoka, mtu wa ndani anakiona kikienda vipi? Mwezi wa tisa niliandika mstari huo juu ya kila ukurasa, na alhamdulillah nilipita kwa 14.

Nawaachia la kufanyia kazi kabla ya kikao kijacho. Mnyororo laini umening'inizwa wima, ncha yake ya chini ikigusa mizani. Unauachia. Wakati unaendelea kuanguka, mizani inasoma mara tatu ya uzito wa sehemu iliyokwisha kulala juu yake. Mara moja ni uzito wa sehemu hiyo yenyewe. Mara mbili nyingine zitafuteni kwa mfuko, na atakayezipata aje na chaki yake.